Sabuni Ndani ya Mtambo wa Samadi

Haya alinisimulia mjukuu wangu mwenyewe, wiki ya kwanza ya likizo, tukichambua maharage.

Kila asubuhi kabla ya shule alikoroga ndoo ya samadi na ndoo ya maji, akamimina kwenye mtambo wa gesi nyuma ya nyumba. Gesi ilipita kwenye bomba hadi jikoni. Mlima umebaki kipara, kuni ni za kutafuta kwa tochi, na kifua cha mama yake hakitaki moshi hata kidogo.

Tatizo lilikuwa harufu. Akiingia darasani tu, mwenzake wa dawati anaziba pua.

"Jamani, fungueni madirisha, zizi limefika!"

Darasa zima kicheko.

Basi mtoto akapata akili yake. Akawa anatia sabuni ya unga kwenye ndoo, viganja viwili, ili samadi inukie. Siku ya tano moto ukafifia. Siku ya saba haukuwaka kabisa.

Mama akarudi kwenye mafiga. Kuni mbichi, moshi tele. Alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Mama, nipike mimi."

"Nenda kasome. Kesho fundi anakuja kuung'oa huo mtambo. Umetushinda."

Fundi alipofika alifungua mfuniko, akanusa.

"Shemeji, humu mmefua nguo?"

"Acha utani, shemeji. Ng'oa twende."

Mtoto akaona akinyamaza, mama atapikia moshi maisha yake yote. Akasema, "Ni mimi. Nilitia sabuni."

Fundi akashusha pumzi. "Mwanangu, humo mna vijidudu. Ndivyo vinavyotoa gesi. Umeviua vyote. Tutamwaga tope lote lililomo, tuanze upya. Wiki tatu."

Wiki tatu za moshi. Mtoto alichota tope lile mpaka mikono ikachubuka, na mara mbili mama alipelekwa zahanati.

Mchana mmoja moto wa buluu ukarudi. Mama aliutazama kwanza, ndipo akasema:

"Chombo kizuri hakitusaidii kama anayekitunza anaficha kosa. Ungeniambia wanakucheka, sabuni ningekupa ukaogee wewe, si uuogeshe mtambo."

Mtoto alitaka kucheka, akashindwa. Kifua cha mama hakijapona sawasawa hadi leo.

Mama akajilaza mkekani, akalala. Mtoto akakaa kando yake akisikiliza pumzi zinavyokwaruza, moja baada ya nyingine, mpaka naye usingizi ukamchukua.