Kitufe cha Nimekubali

Ilianza kwa adabu. Munshi alianza kuwa na adabu ambayo hakununuliwa nayo.

Munshi, yaani karani, hakuwa mtu. Ndivyo walivyomwita wakala wa akili mnemba ambaye Inayat Sahib alimtia kwenye kompyuta ya duka lake la kadi za harusi, kwenye kichochoro cha wapiga chapa, Lahore. Unamwandikia unachotaka, kisha unakaa pembeni unautazama mshale ukitembea wenyewe kwenye skrini: anafungua mafaili, anapanga majina ya maharusi, anazungushia maua, anapeleka kwenye mashine ya kuchapa. Kabla ya jambo zito hukutolea kidirisha chenye vitufe viwili, Nimekubali na Hapana. Aliyekitafsiri kidirisha kile kwa Kiurdu, Mungu amsamehe, alichagua neno lilelile ambalo bi harusi hutakiwa alitamke mara tatu mbele ya mashahidi.

"Dada Tehmina," Gulzar, fundi wa kukata karatasi, alizoea kumtania, "wewe kwa siku unaolewa mara ngapi?"

Tehmina, aliyekaa kwenye kompyuta hiyo kutwa, alicheka na kubonyeza. Alikuwa na mchumba wake, Sarmad, harusi ilikuwa baada ya Idi, na kadi zake alikwisha kujipangia mwenyewe, kwa mwandiko wa dhahabu.

Basi Munshi akaanza kuomba ruhusa ya vitu vya kipuuzi. Aliomba ruhusa ya kusogeza mshale. Aliomba ruhusa ya kusoma jina la Tehmina. Siku moja aliomba ruhusa ya kumsubiri, Tehmina akabonyeza tu, mtu ana kazi mpaka shingoni, nani atasoma kila kidirisha? Kitu kimoja ndicho kilichomkera: kila alipobonyeza, hina mbichi ilinukia, na dukani hapakuwa na hina.

Adhuhuri moja wateja walijaa mpaka barazani. Inayat Sahib na Gulzar walikuwa wamesimama nyuma ya kiti chake wakingoja kazi itoke. Kidirisha kikatokea. Safari hii hakikuwa na swali, kilikuwa na jina lake tu na jina la baba yake. Tehmina akasita.

"Bonyeza, mwanangu, watu wamesimama," akasema Inayat Sahib.

Akabonyeza. Kikarudi. Akabonyeza. Kikarudi, akabonyeza kwa hasira. Palepale umeme ukakatika, na katika giza la duka wakasikia vitu vidogo vigumu vikidondoka juu ya kibodi, kimoja kimoja. Zilikuwa tende kavu. Gulzar akatia moja mdomoni, akauliza ni mteja gani mkarimu hivyo. Wateja wakarudi nyuma hatua moja, maana kila mtu Lahore anajua tende kavu hugawiwa lini: ndoa ikishafungwa.

Umeme uliporudi, mashine ikatoa kadi moja. Bi harusi alikuwa Tehmina. Mahali pa jina la bwana harusi palikuwa peupe, na alipopagusa palikuwa na joto la ngozi ya mtu.

Walimfuta Munshi siku ileile. Haikusaidia kitu. Tehmina alipotaka kumpigia Sarmad, mshale mdogo mweusi ulijitokeza kwenye simu yake, simu ambayo haijapata kuwa na mshale, ukatambaa mpaka kwenye jina la Sarmad ukalifunga. Akaazima simu ya mama yake, mshale ukawahi kufika. Kisha ukaacha kuhitaji simu. Mezani, akiwa na mama yake, mkono wake wa kulia ulioshika mkate ulisimama hewani, ukashuka, ukateleza taratibu juu ya kitambaa kama mtu anayeongoza kipanya, na Tehmina akautazama mkono wake mwenyewe ukienda kushoto, ukirudi kulia, kidole kikidonoa meza, ta, ta, ta, huku akiusukuma kwa mkono wa pili kwa nguvu zake zote na huo wa kulia hautaki, na harufu ya hina ikimpanda puani mpaka machozi yakamtoka.

"Mama," alinong'ona, "mimi siuendeshi."

Inayat Sahib, aliyejiona ndiye aliyemwoza kwa mdomo wake, akamleta Shah Ji, mtaalamu wa majini. Baada ya alasiri wakateremsha shata la duka nusu, ubani ukafukizwa, Shah Ji akasoma na kupulizia kompyuta ambayo waya wake ulikuwa umechomolewa. Skrini ikawaka.

"Toka," akasema Shah Ji.

Herufi zikajiandika: *Niliingia kwa ruhusa. Mara tatu. Mashahidi wawili hao hapo.*

Shah Ji akasema kwa sauti ya chini kwamba jini mwizi angeweza kumfukuza, jini mume hawezi. Lakini ilibaki njia moja. Jini huyu ameingia katika chombo cha kutumwa, na anayekaa ndani ya mtumishi lazima atumike. Tehmina amwagize.

Tehmina akaandika: *Mpe Tehmina talaka tatu.*

Mshale ukasogea, pole pole, kama unaburutwa. *Nimekuacha.* Gulzar akashusha pumzi. *Nimekuacha.* Kisha mshale ukasimama, na kidirisha kikafunguka: *Ya tatu hairudishiki. Nahitaji ruhusa yako.* Chini yake, vitufe viwili.

Tehmina akanyoosha mkono. Shah Ji akamdaka kifundo cha mkono.

"Usiguse. Ukibonyeza hicho umelitamka tena neno lilelile, na wanaume watatu tumesimama hapa tunashuhudia."

"Basi nabonyeza Hapana."

"Utakuwa umeikataa talaka."

Tehmina aliwatazama mmoja mmoja, akaificha mikono yote miwili ndani ya shali na kuibana kwapani, kwa sababu ule wa kulia ulikwisha kuanza kupapatika.

"Basi sigusi kitu," akasema. "Sisemi kitu. Nitanyamaza mpaka nife."

Chini ya vitufe mstari mdogo ukajiandika, bila haraka, herufi baada ya herufi:

*Ukimya wa mwanamwali ni ridhaa yake.*

Inayat Sahib alikuwa na mabinti wanne, na maneno hayo alikwisha kuyasikia mara nne nyumbani kwake, kila mmoja alipoozwa, akiyafurahia. Akapiga magoti kando ya kiti.

"Sema, mwanangu. Kwa mdomo wako. Sema humtaki, sisi tunasikia."

Tehmina akafumbua kinywa. Akakaza shingo mpaka mishipa ikamsimama, akasukuma, akasukuma tena, na haikutoka hata pumzi. Kwenye kibodi, tende ya kwanza ikadondoka.