Alama ya Vema ya Tamsin

Jumapili ile niliosha vyombo, nikaondoa theluji kwenye ngazi, kisha nikavuka barabara hadi maktaba kusaidia kazi, kama kawaida yangu. Ila siku hiyo hatukuwa na mchezo. Daktari Popowich, daktari pekee wa mji wetu wa Dunmarra, alikuwa anastaafu. Asipopatikana mwingine, chumba cha dharura kingefungwa, na hospitali ya jirani iko kilomita mia na arobaini. Baba yangu ana ugonjwa wa moyo.

Ndiyo maana Shangazi Orlene, mkutubi, alitayarisha semina ya mtandaoni ya kumtafuta daktari mpya. Madaktari vijana arobaini na mmoja wangetusikiliza saa saba mchana. Kazi yangu ilikuwa kuwapigia simu wazungumzaji watatu, kujaribu sauti na picha zao, kukubaliana saa, kisha kuweka alama ya vema kwenye jina la kila mmoja. Meya nilimpigia. Nesi Halyna nilimpigia. Daktari Popowich alikuwa kwa binti yake Winnipeg, katika jimbo jirani la Manitoba, na nilipompigia simu yake ilikuwa inatumika. Binamu yangu Brody akapiga kelele nje, "Tamsin! Unakuja kucheza, au umeolewa na simu?" Nikaweka alama ya vema, nikatoka mbio.

Saa saba ikafika. Meya alikaribisha wageni, akamaliza. Daktari hakuonekana.

"Daktari yuko wapi?" Shangazi akaninong'oneza.

"Alisema anakuja," nikajibu.

Mungu anisamehe, ulimi wangu haukukwama hata kidogo.

"Haya, tumsubiri."

Tukasubiri. Wageni arobaini na mmoja wakawa thelathini na sita, halafu ishirini na tisa. Meya akaanza kusifu barabara zetu, maskini, hana la kusema. Baba alikuwa amekaa kiti cha nyuma, anatazama ile hesabu ikishuka, mkono kifuani. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shangazi," nikasema huku nalia, "sikumpata kwenye simu. Alipelekewa tangazo tu, la saa saba."

"Umesemaje?"

"Sikuongea naye kabisa."

Shangazi akashika kichwa. "Saa saba ya wapi, Tamsin? Usiku wa kuamkia leo wenzetu wa Manitoba wamesogeza saa zao mbele kwa saa moja, kama kila mwaka! Sisi huku hatusogezi! Kwake sasa ni saa nane na robo. Aliingia mtandaoni zaidi ya saa nzima iliyopita, akakuta hakuna mtu. Mama yangu wee!"

Hakupoteza muda kunigombeza. "Halyna, eleza wodi yako, usinyamaze mpaka nikuambie!" Kisha akampigia binti wa daktari. Kumbe mzee alikuwa uwanjani, anamtazama mjukuu wake akicheza mpira wa magongo barafuni. Akajibanza kwenye ujia, akaingia kwenye semina kwa simu ya binti yake, kofia kichwani, watu wanashangilia nyuma yake.

"Nilidhani mmeghairi," akasema. "Basi sikilizeni, wanangu. Nimefanya kazi Dunmarra miaka thelathini na mmoja. Baridi yake ni kali, siwadanganyi. Lakini mwaka juzi mtu mmoja alinifikia dakika nne baada ya kifua kumbana. Angechelewa zaidi, tungempoteza. Leo yuko hapo, mwulizeni."

Shangazi akageuza kamera. Baba akapunga mkono kwa aibu.

Walikuwa wamebaki kumi na tisa tu. Mmoja wao, Daktari Nadège Thibault, akauliza kama kuna nyumba ya kupanga. Mwezi wa tano alihamia kwetu.

Lakini siku ile, tukiwa tunapanga viti, sikujua kama atakuja. Nilimwomba Shangazi msamaha, nikangoja kufukuzwa.

"Kukosea hata mimi nakosea," akasema. "Lile suala la saa lingempata yeyote. Lakini ukiweka alama ya vema, sisi wengine tunaacha kuangalia, kwa sababu tumekuamini. Usiiweke kwenye kazi ambayo hujaifanya. Na ukishaharibu, sema palepale."

"Lakini nilisema, Shangazi."

"Ulisema, na hilo ndilo lililotuokoa. Ila ulichelewa robo saa nzima." Akamtazama Baba, aliyekuwa akivaa koti lake polepole. "Yeye alikuwa na dakika nne tu."