Umeshiba Wapi, Fundi?

"Umeshiba wapi?"

Mwanamke alimuuliza mumewe, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa mkeka, kijiko mkononi, akiusogeza wali upande huu wa sahani na kuurudisha upande ule.

"Kazini," alijibu.

"Kazini wapi? Friji lililokufa linapika?"

Mama mkwe alicheka. Alikuwa akipukuchua hindi la kuchemsha kwa vidole, punje moja moja, kwa kuwa meno ya mbele yalishamuaga. Mkamwana wake hakucheka.

Ilikuwa Jumapili mchana, katikati ya msimu wa joto, saa ambayo mtaa mzima hunyamaza na mbwa hulala vivulini kama magunia. Ndani hakukaliki kwa joto la bati, kwa hiyo walikula barazani nyuma ya nyumba: wali, samaki wa kukaanga, nyanya na matango, na tikiti lililokuwa linapoa ndani ya ndoo ya maji tangu asubuhi. Ndivyo nyumba ile ilivyoishi msimu huo tangu mama mkwe alipokuwa bi harusi. Mnakula pamoja, mnazungumza ovyo, kisha kila mtu anajinyoosha mkekani hadi jua lipungue makali. Kwa mwanamke aliyeshona sare za shule wiki nzima, hiyo ndiyo ilikuwa raha pekee aliyoitegemea, na siku hiyo cherehani ilifunikwa kitambaa.

Lakini mumewe alikuwa fundi wa mafriji, wateja wakimwita Barafu, na joto ndilo lilikuwa mavuno yake. Friji moja likifufuka, jingine linakata roho. Alitoka asubuhi hata siku za mapumziko, akarudi mchana, akanawa, akaketi, akachezea chakula.

"Sina njaa, mke wangu."

Msimu wa kwanza mkewe alidhani ni joto. Msimu uliofuata alianza kuonja chumvi mara mbili mbili. Msimu huu aliacha kuishuku chumvi. Mtu aliyeshiba amelishwa na mtu; hilo halikuhitaji akili nyingi. Tena chakula alichokikataa hakikuwa na pa kuwekwa, maana friji lao wenyewe lilikuwa kabati la vyombo tangu Barafu alipong'oa kifaa chake kimoja kumsaidia mteja "kwa siku moja tu". Kila jioni mkewe alimwaga sehemu ya mumewe jalalani, huku mgongo ukimuuma.

Nyuma ya mlango wa chumbani palikuwa na begi lililofungwa. Dada yake angempitia alasiri. Humo ndani hakuna aliyejua.

Simu yake ilitetemeka.

*Nimeshatoka. Umemwambia?*

Akajibu: *Bado.*

"Nakwenda kuoga," mumewe alisema, akaiacha sahani ilivyo na simu yake kando yake.

Maji hayajaanza hata kumwagika bafuni, simu ile nayo ikawaka. Jina lililotokea lilikuwa "Geti la Bluu".

*Fundi, samaki wameshalainika. Njoo ule kabla hawajaharibika. Usiniache nile peke yangu kama juzi.*

Aliusoma ujumbe mara moja. Alihisi uchovu tu, kama mtu aliyepanda ngazi zote na kukuta mlango aliojua tangu chini kuwa umefungwa.

"Nani huyo?" mama mkwe aliuliza.

"Tutamsikia sasa hivi, mama."

Alipiga, akafungua spika.

"Fundi!" sauti ya mwanamke ilipokea. "Unakuja au huji?"

"Si fundi. Ni mkewe."

"Alaa! Kumbe upo!"

"Nipo. Na wewe ni nani wake?"

"Mimi?" Kicheko kilitoka, kikaishia kwenye kikohozi kirefu cha mtu mzima sana. "Mimi ni friji lake, mwanangu. Ni mwalimu mstaafu, magoti hayanifikishi hata getini. Friji langu limekufa tena asubuhi. Likifa, kila kilichoganda kinayeyuka, na samaki wote wale nitawala na nani? Ndiyo maana nampikia fundi. Hapa mtaani kwetu wote wanampikia."

"Wote?"

"Sasa hujui kazi ya mumeo? Friji likifa, nyumba inageuka harusi. Nyama inapikwa, kuku anapikwa, maziwa yanachemshwa. Utamwachaje mtu aliyetoa jasho jikoni kwako aondoke hivi hivi? Ila mumeo ana kiburi. Kila siku namwambia, chukua bakuli upeleke nyumbani. Hataki. Nikasema basi, maskini, hana mtu."

"Ana mtu," mkewe alisema. "Asante, mwalimu."

Barafu alikuwa amesimama mlangoni, taulo shingoni, maji yakimchuruzika. Alikuwa amesikia ya kutosha. Uso wake ulikunjuka kama mtu aliyeachiwa na mahakama.

"Umesikia sasa?" alisema, akicheka. "Umesikia mwenyewe?"

"Mwanangu," mama yake alisema, "kumbe unazunguka kwenye masufuria ya watu kama nzi!"

"Mama, ndiyo kazi."

Mkewe aliiweka simu chini polepole.

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza, nikakwambia kazini. Nilidanganya?"

"Hukudanganya. Kwa nini hukubeba?"

"Nikuletee wewe vitu vinavyokaribia kuoza? Nimletee mama yangu? Mikono ninayo, siwalishi makombo ya watu."

"Wewe unakula."

"Mimi niko kazini. Nikikataa wanaona najivuna."

"Na mimi ninapokataliwa, naona nini?"

Tone la maji lilimtoka kidevuni.

"Angekuwa hawara," mkewe aliendelea, kwa sauti ile ile ya chini, "ningekuwa na mtu wa kumtukana. Sasa nimtukane nani? Bibi wa watu mwenye magoti mabovu? Nina begi nyuma ya mlango. Dada yuko njiani."

Vidole vya mama mkwe vilisimama juu ya hindi.

Barafu aliketi pale pale kizingitini. "Unaniacha kwa sababu ya samaki?"

"Kwa sababu ya mkeka huu. Ukiwa kwa mwalimu, mnazungumza nini?"

"Mambo tu ya kawaida."

"Yapi?"

"Ananisimulia wanafunzi wake wa zamani. Nami... nilimsimulia lile shati la sare ulilolishona mkono mmoja mrefu. Alicheka hadi nikamshika asianguke kitini."

"Ulimsimulia hilo?"

"Nilikuwa nakusifu!"

"Mimi hujaniuliza hata lilikwishaje. Hadithi zangu unazimalizia kwenye viti vya watu, sisi hapa unatuletea usingizi tu."

"Nitalitengeneza friji letu leo. Kile kifaa nakijua kilipo."

"Sijasema friji."

Simu ya Barafu iliita. Alilitazama jina, akamtazama mkewe, akapokea.

"Naam... Limezima kabisa? ... Pole. Nitakuja kesho ... Najua kuna nyama. Nipo nyumbani, tunakula."

"Si utakula huku?" sauti ililalamika, ikasikika hadi mkekani.

"Nakula na familia yangu," alisema, akakata.

Kisha akasogea mkekani, akaivuta sahani na kuanza kula. Alimeza kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, macho yakimtoka.

"Acha," mkewe alisema. "Utatapika."

"Si unataka nile?"

"Nilitaka ukae. Miaka yote hii napika ili ukae."

Mama mkwe aliichukua ile sahani, akaumimina wali kwenye yake. "Mniachie mimi. Mimi sina friji wala mteja."

Mkewe alicheka bila kupanga, kicheko kifupi, kikavu, kilichomuuma mbavu. Hasira haikuisha, ila ilikuwa nzito mno kuibeba kwenye jua lile hadi kituo cha basi.

"Kesho utasema vilevile unakwenda kazini," alimwambia mumewe.

"Nitakwenda. Nitawaambia wanipe chai tu. Na nikishindwa kukataa, nitakuja nikwambie nimekula nini, kwa nani, na tulizungumza nini."

"Yote?"

"Yote."

Mlango wa mbele ukagongwa. Dada yake hakusubiri kufunguliwa. Aliingia hadi barazani, anahema, mwavuli kwapani. Alimkuta mama mkwe anakula, shemeji yake ana taulo shingoni, mdogo wake amekunja miguu mkekani.

"Begi liko wapi?"

"Lipo ndani."

"Kwa hiyo tunaondoka au hatuondoki?"

Mdogo wake alisogea kumpa nafasi. "Keti, dada. Leo hatuondoki. Nimechoka, acha nipumzikie kwangu." Kisha akamgeukia mumewe. "Haya. Shati la mkono mrefu. Anza mwanzo, kama ulivyomwambia mwalimu."

Barafu alijifuta uso kwa taulo.

"Alikuja mtoto mmoja kupimwa sare," alisema, "akagoma kabisa kushusha mkono..."

"Mkono upi?" mkewe alidakia.

"Wa kulia."

"Wa kushoto, baba. Endelea."