Mgeni wa Kisimani

Adhuhuri ilikuwa bado haijaadhiniwa, na pipa la maji lilikuwa tupu.

Idil aliinama akatazama ndani. Asubuhi ile ile muuza maji alikuwa amesimamisha mkokoteni wake wa punda mlangoni, akamimina mtungi baada ya mtungi mpaka pipa likafurika. Hakuna aliyefua nguo. Hakuna aliyeoga. Watoto walikuwa shuleni. Idil alipapasa mchanga chini ya pipa akitafuta unyevu, akakuta mkavu na wa moto. Akarudisha kifuniko, akajiambia kwamba labda ni yeye aliyekosea.

Kesho yake hakukosea. Alikuwa jikoni akichambua mchele. Jua lilikuwa limesimama juu ya mabati na mtaa mzima umenyamaza, kama unavyonyamaza mji wa Garissa saa za joto kali. Hapo akasikia mtu akinywa maji. Haukuwa unywaji wa adabu. Ilikuwa gudu, gudu, gudu, bila kupumua, kama ngamia aliyefika kisimani baada ya safari ndefu.

Alitoka mbio. Kifuniko kilikuwa mahali pake, na jiwe alilokiwekea lilikuwa juu yake. Alipokifunua, harufu ilimjia usoni: moshi wa dizeli, jasho la nguo nzito, na chini ya hayo yote, harufu ya kisima kilichokauka. Hiyo ya mwisho aliijua vizuri. Alizaliwa Hulugho, katika nyumba ya wafugaji, na alikuwa amechungulia visima vingi vilivyokufa.

"Kulow!" aliita. "Kulow, uko wapi?"

Mume wake alikuwa sebuleni, ameketi mkekani, jagi tupu limelala mapajani mwake. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Yapo maji?" aliuliza.

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima Idil usingizi. Kulow alirudi kutoka jeshini miaka kadhaa nyuma akiwa mzima wa afya, mwenye mabega na kicheko. Sasa alikunywa tangu alfajiri na bado alikauka. Daktari alipima sukari, akapima figo, akasema kila kitu kiko sawa. Lakini ngozi ya mikono yake ilikuwa imekunjamana kama kiriba cha zamani, na Idil, aliyewahi kuona mifugo ikifa kwa ukame, alijua kwamba mume wake anakwenda njia hiyo hiyo.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, walikuja wenzake wawili wa jeshini, kama ilivyokuwa desturi yao. Mmoja ni Sajenti Hiribae, Mpokomo wa kando ya mto Tana. Wa pili ni Gelle, aliyekuwa dereva wa kikosi, ambaye sasa aliuza mbuzi sokoni. Walikuwa wakikutana barazani kwa Kulow kukumbushana waliyoyaona ng'ambo ya mpaka.

"Watu wakiandika vita huandika majenerali," alisema Hiribae akipuliza chai yake. "Sisi tuliokuwa shimoni, nani ataandika kiu yetu?"

"Andika wewe, sajenti," Gelle akamjibu. "Lakini usisahau kuandika ulivyolia ukitaka samaki wa kwenu."

"Sikulia. Jasho liliniingia machoni."

"Macho yote mawili, wallahi, na pua pia."

Hata Kulow alitabasamu, na mdomo wake ukatoa damu. Hiribae akaona, akageuka haraka kumtazama Idil aliyekuwa mlangoni.

"Shemeji, huyu bwana hajawahi kukusimulia alivyomkaribisha adui?"

"Hajawahi."

"Basi sikia. Lori la maji lilikuwa limekwama njiani, na kila mtu alipewa kopo moja tu, asubuhi hadi asubuhi. Joto lenyewe, ukishika bunduki inakubabua. Nilimwona kijana wa Rhamu akilamba umande kwenye turubai. Nje kidogo ya waya wetu kulikuwa na kisima kikavu. Sasa jua liko utosini, tunasikia sauti kutoka kule. Inaita kwa Kisomali. Huyu Gelle alikuwa ametoka lindo, amelala kama gogo. Nikamuuliza Kulow, anasema nini? Akaniambia, anaomba maji. Nikasema, mtu yeyote asimjibu, huo ni mtego. Kabla sijafunga mdomo, mumeo amejibu!"

"Soo dhawow!" Gelle alipiga paja akacheka. "Karibu! Waryaa, wewe bwana, uko vitani, bunduki iko mkononi, unamkaribisha mtu kama amekuja harusini!"

"Ilinitoka tu," alisema Kulow kwa sauti ya kukwaruza. "Mtu akiomba maji, mdomo unajibu wenyewe. Nilimwambia, karibu, maji yapo."

Idil aliuliza polepole, "Na alikuja?"

"Hakuja mtu," alisema Hiribae, na kicheko kikamwisha. "Jioni tulienda kuangalia. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na damu, hapakuwa na unyayo hata wa mbuzi. Tulilikuta kopo la Kulow tu. Mchana lilikuwa kando yake handakini, shemeji, nililiona kwa macho yangu. Tulilikuta ukingoni mwa kisima, limefudikizwa, kavu."

Idil alitazama sinia. Alikuwa ameleta glasi tatu. Ya nne ilikuwa chini mkekani, mbele ya nafasi tupu kati ya Kulow na Gelle, na mkeka mahali pale ulikuwa umebonyea. Gelle, bila yeye mwenyewe kujua, alikuwa amekunja miguu yake na kujisogeza, kama mtu anavyojisogeza kumpisha mwenzake akae.

Kesho yake, karibu na adhuhuri, Idil alimleta Ustadh Yahye wa madrasa ya mtaani, baada ya kumsimulia habari ya kisima. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kufundishia watoto. Alisoma aya akimpulizia Kulow kifuani, na alipofika katikati ya kisomo, kitu kikabisha ndani ya pipa uani. Ustadh akatoka, Idil nyuma yake. Pipa lilikuwa limefunikwa.

"Toka katika nyumba hii," alisema Ustadh.

"Mimi si mwizi." Sauti ilitoka ndani ya pipa, kavu, kama kokoto zikisuguana. "Nilikaribishwa."

Ustadh alishika ukingo wa pipa. "Tumefundishwa kwamba haki ya mgeni ni siku tatu. Wewe umekaa miaka."

"Mgeni huanza kuwa mgeni anapopewa maji. Niliambiwa yapo. Sijapewa."

Ustadh akamvuta Idil kando.

"Abaayo, dada yangu," alinong'ona, "angekuwa mvamizi ningemfukuza. Huyu ameshika neno la mwenye nyumba. Mpeni alichoahidiwa, siku zake zianze kwenda."

"Na akinywa asiondoke?"

"Hapo mimi na yeye tutakuwa na maneno mengine."

Idil alifungua sanduku la jeshi la mume wake, akatoa lile kopo la bati, lenye kovu ubavuni. Chini ya kitanda alikuwa ameficha chupa moja ya maji, akiba ya mwisho ya Kulow kwa siku ile. Akaimimina yote koponi huku Kulow akimtazama kutoka mkekani na ulimi wake umetoka nje kidogo, akatoka uani ambako jua lilikuwa limeanza kusimama na vivuli vyote vimejificha chini ya vitu vyake, akaliweka kopo juu ya kifuniko cha pipa na kusema karibu, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, na hapo akaona maji yakishuka ndani ya kopo, taratibu, taratibu, bila mkono kulishika wala mdomo kuligusa, na akasikia pumzi ndefu ya kiumbe aliyengoja sana, ikimpita shavuni, baridi.

Basi wakakaa naye. Idil aliweka kopo la maji kila mlo, na kila mlo lilikutwa kavu. Alimtengea nafasi yake mkekani. Watoto aliwapeleka kwa shangazi yao. Pipa halikupungua tena hata kidogo, na Kulow alianza kulala. Siku ya pili aliomba uji. Siku ya tatu midomo yake ilikuwa imeunga, na Idil alilia jikoni kwa furaha, akijiziba mdomo kwa kitambaa ili mgeni asisikie.

Siku hiyo ya tatu, jua lilipofika utosini, lango la mabati lilifunguka lenyewe. Ustadh Yahye alikuwa amesimama barazani pamoja na Idil na Kulow, tasbihi mkononi. Harufu ya dizeli na ya kisima ilitoka sebuleni, ikawapita, ikasimama langoni, kama anavyosimama mgeni mwenye adabu kuaga.

"Mmenitunza," ilisema sauti. "Wewe, Kulow, nawe uje kwetu."

Idil alimrukia mume wake. Kiganja chake kilifika mdomoni mwa Kulow, lakini kilichelewa kidogo, kwa kuwa neno la kuitikia mwaliko kwa watu wa kwao halifikiriwi. Mtu akialikwa, jibu humtoka tu.

"Insha'Allah," Kulow alikuwa amekwisha kusema.

Lango likajifunga polepole. Ustadh alitazama chini, na tasbihi yake haikusogea tena.

Leo Kulow ana nguvu zake. Mabega yamerudi, na Jumamosi wenzake huja. Lakini viatu vyake vya jeshi, ambavyo Idil huvifungia sandukuni, hukutwa asubuhi mlangoni, vimeelekea nje. Na maji hagusi. Idil humletea glasi, naye huisogeza kando kwa upole.

"Kunywa kidogo, Kulow," humbembeleza. "Kunywa, kwa ajili yangu."

"La," humjibu, macho yake yakiwa langoni. "Si adabu kwenda kwa watu umeshiba."