Nusu Biskuti Juu ya Kabati

Kitu cha kwanza Inspekta alichokiona kilikuwa nusu ya biskuti. Ilikuwa juu ya kabati la nguo, chumbani kwa mume na mke, imelazwa vizuri karibu na ukuta. Upande mmoja ulikuwa umeng'atwa na meno madogo.

Kando yake palikuwa na alama ya mstatili, mahali ambapo vumbi halikushika. Hapo ndipo palipokuwa na mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba, bastola. Sasa mkoba haukuwepo, na bastola haikuwepo.

Inspekta alikuwa amepanda kiti cha jikoni ili aone huko juu. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito kidogo, na wenzake kituoni walimwita Mama Kwa Nini, maana hata ukimletea chai atakuuliza kwa nini haitoi moshi. Alishuka polepole na kumwambia Sajini aipige picha ile biskuti.

"Biskuti, afande? Tumekuja kwa bastola."

"Piga picha, halafu uitie kwenye mfuko wa ushahidi. Na usiile."

Mwenye bastola alikuwa muuza simu. Alisimama mlangoni amekunja mikono kifuani, shati limenyooshwa pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake. Alieleza kwamba kila asubuhi kabla ya kwenda dukani hupanda kitandani na kupapasa juu ya kabati. Leo alipapasa, akakuta patupu. Mlango haukuvunjwa. Madirisha yana nondo. Saa yake ilikuwa mezani na haikuguswa. Kwa hiyo mwizi ni wa ndani, na kwa hesabu yake wa ndani walikuwa wachache. Mke wake hawezi hata kumchinja kuku. Mtoto ana miaka minne. Anayebaki ni dada wa kazi.

Dada wa kazi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mfuko wake wa nguo miguuni. Tayari bosi wake alikuwa amemwambia afungashe. Alikuwa amemwambia pia kwamba akitoka hapo haendi kwao, anaenda mahabusu, na atakaa huko mpaka aitapike hiyo silaha. Msichana hakulia. Alishika kamba ya mfuko wake kwa mikono miwili, akatazama vidole vyake vya miguu.

Inspekta alimrudisha muuza simu chumbani na kufunga mlango.

"Nani alijua kwamba inakaa juu ya kabati?"

"Mimi na Mungu."

"Ilikuwa na risasi?"

"Magazini imejaa. Bastola bila risasi si ni nyundo tu?"

"Kibali chako kinasema ikae kwenye sefu. Sefu iko wapi?"

Muuza simu alijikuna shingo. "Dukani."

"Na bastola nyumbani. Kwa nini?"

Alianza kueleza kama mtu anayesifia biashara aliyoipatia. Sefu aliinunua kweli, nzito, wabebaji waliiingiza ndani huku wakimlaani. Mkaguzi wa silaha alikuja, akaiona imefungwa kwa bolti ukutani, akaridhika, akaweka sahihi. Baadaye dukani zikaja simu za bei mbaya. Akaona ni hasara sefu nzima kulinda kitu kimoja. Akafungua bolti, akaipeleka dukani. Hapo sauti yake ilianza kushuka, na alipomaliza alikuwa anaongea na sakafu.

"Kwa hiyo simu zina mlinzi," Sajini alinong'ona, "na mlinzi hana mlinzi."

Inspekta alimkata jicho, lakini kicheko alikimeza kwa shida.

Alianza na dada wa kazi. Aliketi naye pale pale kwenye ngazi, akamuuliza kama alijua bastola inakaa wapi. Msichana alijibu kwamba alijua tangu alipokuja. Ndiye anayetandika kitanda, na kila asubuhi hukuta nyayo za viatu kwenye shuka, upande wa kabati. Mtu hapandi kitanda na viatu kila siku ili atazame dari.

"Kwa hiyo ulipanda ukaangalia."

"Sikupanda. Nilisikia harufu ya mafuta ya bunduki, nikajua. Kwetu alikuwapo askari." Akainua macho. "Mtaipata, mama?"

"Nataka kuipata kabla ya mtu mwingine."

Mke alikuwa sebuleni nyuma ya cherehani. Alikuwa fundi wa nguo za watoto wa shule, na sketi za buluu zilikuwa zimelundikana kila upande wake. Aliendelea kukanyaga cherehani wakati akiulizwa. Ndiyo, alijua bastola iko juu ya kabati. Hapana, hakuambiwa, mtu akilala na mwenzake miaka yote hiyo atamficha nini. Hapana, hakusikia kitu usiku.

Inspekta aliona uzi umekatika kitambo. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka, inatoboa kitambaa bila kushona chochote.

Aliona na jambo lingine. Mtu akiibiwa silaha, swali lake la kwanza ni kama itapatikana. Muuza simu aliuliza hivyo walipofika tu. Hata dada wa kazi aliuliza. Huyu hakuuliza. Aliuliza jambo moja tu.

"Mtamchukua mtoto wa watu?"

"Nikikosa mwingine, itabidi aje atoe maelezo. Kwa nini?"

"Basi tu," alisema mke, akaendelea kukanyaga.

Akabaki mtu mmoja wa kuhojiwa. Alikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa, anaendesha kigari juu ya mguu wa Sajini. Nyumba nzima ilimwita Bosi kwa sababu ya amri zake, na wazazi wake wakawa Baba Bosi na Mama Bosi. Inspekta alikunja sketi ya sare yake na kuketi sakafuni. Magoti yalilia.

"Shikamoo, Bosi."

"Marahaba," alijibu Bosi, bila kuona kosa lolote.

Sajini aligeuka, akatazama ukuta. Inspekta alimuuliza Bosi kama anapenda biskuti. Anapenda. Je, huwa anamaliza yote peke yake? Hapana. Dada amemfundisha kugawa. Dubu anapewa nusu, kigari kinapewa nusu, na paka wa jirani alipewa akakataa, ana kiburi.

"Na ile ya juu ya kabati, ulimgawia nani?"

"Bunduki. Mimi nusu, yeye nusu."

Baba yake alicheka, kicheko kifupi kikavu. Alisema mtoto huyu kwa kutunga hadithi hajambo. Hafiki hata kwenye swichi ya taa, atafikaje juu ya kabati?

"Nionyeshe," Inspekta alimwambia Bosi.

Bosi alitangulia, mikono nyuma kama mkubwa wa kazi. Alifika kabatini, akavuta droo ya chini mpaka mwisho. Akavuta ya pili, ila si sana. Ya tatu akaivuta kidogo tu. Zikawa ngazi. Alipanda bila haraka, na kutoka droo ya tatu akashika ukingo wa juu wa kabati kwa mikono yote miwili. Hakuyumba hata kidogo. Ilionekana wazi kwamba haikuwa mara ya kwanza.

Inspekta alimdaka kwapani kabla hajajivuta juu. Muuza simu aliitazama swichi ya taa ukutani, akazitazama droo.

"Bosi," Inspekta aliuliza taratibu, mtoto akiwa bado mikononi mwake, "bunduki haipo pale. Imekwenda wapi?"

"Amehama."

"Amehamia wapi?"

Sebuleni cherehani ilinyamaza.

Bosi aliomba kushushwa, akarudi sebuleni, watu wazima wakimfuata kama wanafunzi. Pembeni palikuwa na spika kubwa ya zamani, ndefu kumpita yeye, iliyokufa siku nyingi na sasa ilikuwa stuli ya kuwekea chungu cha maua. Mbele, karibu na chini, ilikuwa na tundu la duara. Kwenye mdomo wa tundu kulikuwa na chembe za biskuti.

"Mama amempa nyumba," alisema Bosi. Akapiga magoti na kuingiza mkono mpaka begani, shavu limebanwa kwenye mbao. "Mlango wake ni huu."

Inspekta alimvuta kwa upole, kama anayemtoa mtoto kwenye usingizi. Hakupaza sauti. Alimpa Sajini, na Sajini akampeleka uani kwa dada wa kazi, akimuuliza njiani huyo paka ana kiburi cha aina gani.

Walibaki watatu. Inspekta aliigeuza spika. Skrubu za kifuniko cha nyuma zilikuwa na kutu, ila vichwa vyake vilikuwa vimekwaruzwa upya, vinang'aa. Aliuliza kama kuna bisibisi. Mke alivuta droo ya cherehani, akaitoa ile ndogo ya kubania sindano, akampa.

Kifuniko kilifunguka. Mkoba ulikuwa umesimamishwa nyuma ya tundu. Zipu ilikuwa wazi nusu. Kitako cha bastola kilikuwa nje, na juu yake, na ndani ya mkoba, kulikuwa na unga wa biskuti.

Inspekta alivaa glavu, akaelekeza mtutu kwenye ukuta wa nje. Alichomoa magazini. Ilikuwa imejaa. Alikagua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Ilikuwa tupu. Aliviweka chini kimoja kimoja, mbali mbali, kisha akashusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu mtoto alipopiga magoti.

"Ni wewe," alimwambia mke.

"Ni mimi."

Muuza simu aliketi juu ya lundo la sketi. "Wewe, Mama Bosi? Wewe ndiye umenifanya niite polisi nyumbani kwangu?"

Mke alieleza akiwa ameinama. Hakudhani kwamba mume wake angeita polisi. Sefu haipo, sheria anaijua. Alidhani ataogopa, ataitafuta kimyakimya, atachoka. Yeye angekuwa ameiondoa mahali ambapo mtoto anafika, basi. Kuipeleka kituoni asingeweza, wangemfunga baba wa mtoto wake. Kuitupa chooni aliogopa italipuka. Tangu asubuhi, kila alipomtazama yule binti na mfuko wake, alitafuta pa kuanzia, na hakupaona.

"Uliificha," alisema Inspekta. "Hukuifunga. Kwa mtoto, kitu kilichofichwa ni mchezo. Ameipata hiyo bastola kabla yangu, na mimi nalipwa kwa kazi hii."

Mke alilitazama lile tundu la spika. Ilikuwa kama analiona kwa mara ya kwanza.

Inspekta alimgeukia mume. Bastola inaondoka leo na kibali kinasimamishwa. Atakuja kituoni kujibu kwa nini sefu inalinda simu. Na kabla ya hayo yote, yuko binti nje ambaye ameitwa mwizi mbele ya mtoto aliyemfundisha kugawa biskuti; amwombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe.

Muuza simu alikubali kwa kichwa. Lakini macho yalikuwa kwa mke wake, na hayakuwa ya hasira tena. Kuna kitu alikuwa hakielewi.

"Ungeniambia."

"Nilikuambia uishushe. Ukasema Bosi hafiki swichi. Ukalisimulia dukani kama kichekesho."

"Uliniambia una wasiwasi. Hukusema umemwona nayo." Aliinama mbele. "Ulimwona nayo?"

Uani Bosi alikuwa akimwamuru Sajini abweke.

"Kwa nini hukusema?" Inspekta aliuliza. Safari hii hakuuliza kwa ajili ya jalada.

Mke alichukua sketi moja, akaikunja, akaikunjua. Alipoanza kuongea sauti ilikuwa ndogo, na hakuwa anaongea na Inspekta.

"Nilikuwa napanga nguo chumbani. Nikageuka, nikamkuta ameketi katikati ya kitanda, ameishika kwa mikono miwili. Ameielekeza hapa." Aligusa kifua. "Akabonyeza kwa vidole gumba, amekaza uso kama anafungua chupa. Ikalia tik. Tik, kama swichi yako hiyo. Akacheka."

Mume wake alianza kuinuka. Inspekta alimwonyesha kiganja, naye akaketi tena.

"Ningepiga kelele angeshtuka, angebonyeza tena. Nikacheka na mimi. Nikacheka kweli, Baba Bosi, kwa sauti, nikamwambia, haya, zamu ya mama. Akanipa. Nikairudisha kule juu, nikamalizia kupanga nguo. Wewe ulirudi, ukala, ukaniuliza mbona leo nina furaha." Aliiweka sketi chini. "Ningekuambiaje kwamba mwanao ameniua, na tumecheka wote wawili?"