Sigara Aliyoipasua Bwana Hebu

Jua lilikuwa linazama, na Bwana Hebu alikuwa ametoka kwenda kununua maji ya kunywesha sigara zake.

Usicheke. Sigara zake zilikuwa zinakunywa kweli. Zile nene za Kuba, za kahawia, zilizolazwa miaka na miaka mpaka zikaiva, ukiziacha zikauke zinapasuka kama kisigino. Kwa hiyo alizitengenezea kabati la mbao, ndani ya kabati akaweka sifongo, na sifongo lile lilikuwa na maringo: maji ya bomba halitaki. Linataka ya chupa, ya duka la dawa.

"Sigara zako zinakunywa maji safi kuliko wateja wangu," muuza dawa akamtania.

"Hebu nione." Bwana Hebu akaichukua chupa, akaiinua kwenye taa, akakagua kizibo. "Una hakika haijafunguliwa?"

"Mzee wangu, ni maji!"

Ndivyo alivyokuwa. Jina la Hebu alipewa na ndugu zake mwenyewe. Ukimwambia kumekucha, anafungua dirisha ahakikishe. Wenzake wa kukusanya sigara walikuwa wanampelekea zile za toleo maalumu, yale masanduku machache yenye namba, awapimie. Anachukua kioo chake cha kukuzia, anaitazama sigara mpaka sigara yenyewe inaona haya. Tisa kati ya kumi, jibu ni moja: feki. Na yeye mwenyewe hakuwahi kuvuta hata moja. Alizitunza tu, kama mtu anayetunza mayai bila kuku.

Akapanda ngazi, chupa kwapani. Akafungua mlango.

Akasimama.

Moshi...

Moshi mtamu, mzito, wenye harufu ya udongo uliolowa na asali iliyoungua kidogo. Na nyumba ile alikuwa anaishi peke yake.

Mezani palikuwa na kisahani cha kikombe. Juu ya kisahani, jivu. Halikusambaa. Lilikuwa zima, refu kama kidole, jeupe. Na juu ya kabati la vyombo, sanduku la mdogo wake lilikuwa wazi. Zilikuwemo kumi. Sasa tisa.

Mdogo wake alikuwa amezikwa siku nne zilizopita.

Hapo ndipo pa kurudi nyuma kidogo, maana ugomvi wa ndugu una mizizi kuliko magugu.

Mama yao alikufa yule mdogo akiwa bado anatambaa. Hebu ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamwimbia. Walipokua kidogo walikuwa wanajificha nyuma ya jiko, wanasokota majani makavu kwenye karatasi la daftari, wanajifanya matajiri wanavuta. Mdogo anakohoa mpaka machozi. Vikohozi vifupi viwili, halafu kimoja kirefu. "Kaka," anasema, "nikikua nitakuletea za kweli. Tutavuta wote, wewe kiti chako, mimi kiti changu."

Akakua. Akawa mpishi wa meli, wakamwita Baharia. Miaka ishirini baharini. Siku aliporudi moja kwa moja, familia nzima ilikuwa imekaa kwa dada yao wa katikati, akaingia amekonda kama ufagio, sanduku amelikumbatia ndani ya koti.

"Kaka, hizi hapa. Toleo maalumu. Nimezilaza miaka kumi na saba chini ya kitanda changu, nazihamisha meli hadi meli. Tuvute moja moja."

Bwana Hebu akatoa kioo. Akageuza sanduku. Akakwangua muhuri kwa ukucha.

"Muhuri umekaa upande," akasema. "Na toleo hili yalitoka masanduku ya kuhesabu, yako kwa wakubwa huko. Mpishi wa meli umeyatoa wapi? Umeuziwa majani ya migomba, mdogo wangu."

Watu wakacheka. Hilo ndilo lililoua: kicheko. Baharia naye akacheka, lakini macho hayakucheka.

"Basi nusa tu, kaka."

"Mimi sinusi feki."

Baharia akaliacha sanduku mezani, akatoka. Bwana Hebu akalibeba, akaenda kulitupia juu ya kabati la vyombo. Ndani ya lile kabati lake, feki haikai na za kweli.

Miezi miwili haikupita, dada yao akapiga simu. "Kaka, mdogo wako yuko hospitali. Anakuulizia."

"Huyo na maigizo yake! Ana nini? Hebu nisubiri nione kama ni kweli."

Alipoona kuwa ni kweli, ilikuwa ni kaburi.

Sasa jioni ya pili, moshi tena. Sanduku, nane. Akabadilisha kitasa. Jioni ya tatu, saba. Akamwaga unga sakafuni, akatoka, akasimama uani akitazama mlango wake mpaka giza lilipoanza kushika. Hakuingia mtu.

Aliporudi, unga ulikuwa na nyayo. Mlangoni hazikuwepo. Zilianzia chini ya kabati la vyombo, zikaenda hadi kwenye kiti cha pili, zikakaa. Vidole vimeelekea kiti chake.

Na ukutani, au nyuma ya ukuta, au kifuani mwake mwenyewe, akasikia...

Kikohozi. Vifupi viwili. Kimoja kirefu.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa mjane wa Baharia, jasho linamtoka.

"Shemeji, umenitumia mtu. Nimeshajua. Mtoe huyo jini wako nyumbani kwangu."

Mjane alikuwa anakunja mashati ya marehemu. Hakuinua kichwa.

"Ningekuwa mchawi, shemeji, ningemrudisha kwangu. Nisingemtuma kwako."

Bwana Hebu akakosa pa kuweka mikono.

"Siku ile ya mwisho," mjane akasema, sauti imeshuka, "kila mlango ukilia alikuwa ananiambia, huyo kaka, niinue nikae. Mpaka usiku nilimwinua mara sita." Akalikunjua shati, akalikunja upya. "Anangojea uvute naye. Ndiyo ahadi. Zikiisha, zimeisha, na mimi sijui tena."

Akarudi nyumbani amelia njia nzima, mtu mzima na mvi zake. Akaapa kwamba jioni ile angekaa, angewasha, angemwomba mdogo wake radhi. Lakini ilipofika jioni, woga ukamshika. Akakimbilia kwa jirani. Sita. Kesho yake hivyo hivyo. Tano. Woga nao ni deni la kujitakia. Kila siku alisema kesho, na kila siku sanduku likapungua, mpaka zikabaki mbili.

Mbili tu. Yake na ya mwenzake.

Siku ile hakukimbia. Alinawa uso, akavaa shati safi, akaketi. Kiberiti mfukoni. Dirishani mwanga ulikuwa unakufa taratibu.

Akafumba macho. Akafumbua.

Sigara mbili zilikuwa mezani, zimelazwa bega kwa bega. Visahani viwili. Kiti cha pili kilikuwa kimevutwa karibu, na mto wake umebonyea kama umekaliwa.

Sigara moja ikainuka. Ncha yake ikawaka, nyekundu, bila kiberiti.

"Kaka..." Sauti ndogo, ya mtu aliyeishiwa pumzi. "Washa."

Machozi yakamtiririka Bwana Hebu. Hakuogopa tena. Ilikuwa sauti ya nyuma ya jiko. Akaichukua sigara yake, akatoa kiberiti.

"Nisamehe, mdogo wangu," akanong'ona.

"Washa tu, kaka."

Akaisogeza mdomoni. Na hapo, karibu na pua, macho yake ya miaka mingi yakaona mshono wa jani. Umekaa vizuri. Vizuri mno. Wenye kukusanya wana njia yao ya kumaliza ubishi: unaipasua sigara katikati kwa wembe. Feki ndani ina vumbi na makombo. Ya kweli ina majani marefu, mazima, yamelala pamoja toka kichwa hadi mguu.

Mkono ulikwenda wenyewe kwenye wembe wake mfukoni. Mazoea yana nguvu kuliko toba.

"Hebu nione kwanza... mara moja tu..."

Akaipasua.

Majani marefu. Mazima. Yanang'aa mafuta, yamelala pamoja kama watoto wawili kwenye mkeka mmoja.

"Ni za kweli!" akapiga kelele. "Mdogo wangu, ni za kweli! Nimeona!"



Ile ncha nyekundu upande wa pili ikafifia. Jivu likakatika, likaanguka sakafuni, likasambaa.

"Haya, kaka."

Ndilo neno pekee. Halikuwa na hasira, na heri lingekuwa nayo. Kisha kikohozi, mlangoni. Kikohozi, kwenye ngazi. Vifupi viwili, kimoja kirefu, kinashuka, kinashuka, mpaka barabarani kikamezwa na watu waliokuwa wanarudi makwao.

Bwana Hebu aliwasha yale majani yaliyopasuliwa. Yalikataa kushika moto. Alimaliza kiberiti kizima, akanunua kingine, akamaliza. Kama vile yamechovywa majini.

Moshi haukurudi tena jioni.

Dada yao wa katikati alipokwenda kumtazama baada ya wiki mbili, alimkuta ameketi pale pale, kiti cha pili mbele yake. Lile kabati lake la fahari lilikuwa wazi, na sigara zake zote, zile alizozipima na kuziapia kwamba ni za kweli, zilikuwa zimepasuliwa. Dada akachungulia. Ganda zuri, pete ya karatasi haijaguswa. Ndani, jivu. Zote. Jivu la baridi, na hakuna aliyewahi kuziwasha.

"Nani amekufanyia hivi, kaka?"

Alimnyooshea majani ya Baharia kwenye kiganja.

"Nusa," akasema. "Nusa tu, dada yangu."

Dada akainama, akavuta pumzi. Hakuna kitu. Kama kunusa karatasi la daftari. Lakini aliutazama uso ule, ukamkata maini.

"Yananukia, kaka. Yananukia sana."

Bwana Hebu akamkazia macho muda mrefu.

"Hebu apa."

Dada hakuapa. Bwana Hebu akatikisa kichwa, akaanza kukohoa. Vifupi viwili. Halafu kile kirefu, kisichoisha, na pamoja nacho, kutoka mdomoni mwake, uzi mwembamba wa moshi ukapanda polepole hadi darini.