Mwizi Aliyefuta Vumbi

Kilemba kiliibwa asubuhi, kabla ya chai.

Inspekta Tajammul alisimama mbele ya kabati la kioo, kwenye sebule ya wageni ya Chaudhry Ghazanfar, mbunge wa mkoa wa Punjab kutoka Kot Sheran. Ndani ya kabati kilikuwamo kichwa cha mti kilichovalishwa kofia ndogo ya nyuzi za dhahabu. Kitambaa kilichokuwa kikizungushwa juu yake hakikuwapo.

"Kilemba cha marehemu baba!" Chaudhry alilia. "Inspekta, nimekwisha! Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kujitoa kwenye uchaguzi, na mpinzani wangu Mian Dilawar bado yumo!"

"Mian Dilawar na kilemba wanahusianaje?"

"Unauliza kama mtu aliyezaliwa London! Jioni hii nilikuwa naenda kukiweka miguuni pake. Angekataaje?"

Asingeweza. Mtu akilaza kilemba cha baba yake miguuni pako, unakiokota, unamrudishia kichwani, na unampa anachoomba. Ukikataa, hakuna atakayekuja kuposa kwako. Watu wengine hufanya hivyo mara moja maishani, tena kwa kesi ya mauaji. Chaudhry alifanya hivyo kila uchaguzi. Kwa njia hiyo alikuwa waziri wa mifugo, kisha wa magereza, kisha wa mifugo tena, katika vyama vitano. Kila chama kilichoingia madarakani kilimkuta ameshafika.

"Na wewe ukienguliwa?" Inspekta aliuliza. "Kiti kinapotea?"

"Yupo mama. Kila familia huandikisha mgombea wa akiba. Nilimshika mkono akaweka kidole gumba. Hata hajui ni karatasi ya nini."

Konstebo Nadir alikuwa amemaliza kunyunyiza unga wa alama za vidole. "Hakuna alama, bwana. Kioo kimefutwa ndani na nje. Rafu nayo imefutwa."

"Hata rafu ya juu?"

"Hata ya juu."

Inspekta aliinua kofia ya dhahabu, akaipima mkononi. Mwizi ameacha dhahabu, amechukua pamba. Kisha amefuta vumbi mpaka mahali ambapo mkono wake haukugusa.

Dobi wa nyumba aliletwa.

"Kilemba ulikishika lini mara ya mwisho?"

"Juzi, sahibu. Nilikitia wanga wa mchele, kikakauka kama papadi ya kukaanga."

"Huwa kinachafuka?"

Dobi alimwangalia Chaudhry kwa pembe ya jicho. "Upande wa chini, sahibu. Vumbi la viatu vya watu."

"Toka hapa!" Chaudhry alifoka. "Inspekta, mkamate Dilawar! Yeye ndiye anayefaidika!"

"Mian Dilawar hajawahi kufuta vumbi hata kwake. Ufunguo wa kabati unakaa kwa nani?"

"Kwa mama. Lakini wewe, usithubutu..."

"Sijasema kitu, Chaudhry sahibu. Niombee ruhusa ya kuingia uani."

Uani, Bi Sardaran, mama yake Chaudhry, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, akimenya njegere. Alikuwa na miaka themanini na funguo kiunoni. Kwa mguu mmoja alibembeza susu ya mtoto, ya kitambaa cheupe, iliyofungwa chini ya kitanda cha pili. Ndani yake alilala kitukuu chake.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Punguza sauti, baba. Huyu amelala sasa hivi, na usiku kucha alituimbia."

Inspekta alichuchumaa. Susu ilikuwa laini, imefuliwa, bado na unyevu kidogo pembeni. Alibinya fundo lililokaza kwenye mguu wa kitanda. Likalia *kwaruu*, kama papadi.

"Wanga wa mchele," alinong'ona.

"Fundo halikuosheka vizuri," Bi Sardaran alikiri. "Macho yangu si kama zamani."

"Mama!" Chaudhry, aliyemfuata Inspekta nyuma, alifumbua kinywa.

"Ukimwamsha, utamlaza mwenyewe."

Chaudhry akafumba. Konstebo alikuja mbio na mfuko wa vielelezo, akachungulia ndani ya susu, akaukunja mfuko polepole.

"Kielelezo kimelala, bwana," alinong'ona.

"Kwa nini, Bi Mkubwa?" Inspekta aliuliza.

"Marehemu mume wangu hakukivua hata mbele ya mkuu wa wilaya," alisema, akiendelea kumenya. "Huyu mwanangu amekilaza miguuni kwa wauza mbolea, kwa wapangaji, kwa yule Dilawar mwenyewe mwaka ule, na leo anakwenda tena. Baba yake alivaa kilemba. Yeye anavaa cha ukoka. Nikasema, angalau kilale chini ya mtu asiyetaka kura."

"Mama, nipe," Chaudhry alisihi kwa sauti ya mbu. "Kwa leo tu. Bila hicho nimekwisha."

Bi Sardaran alitua bakuli. Alivua mtandio wake mweupe kichwani, akainama kwa taabu, akaulaza juu ya viatu vya mwanawe.

Wajakazi wawili mlangoni walishika vinywa.

"Jitoe," alisema. "Ndilo ninaloomba."

Chaudhry alimgeukia Inspekta kama mtu anayezama.

"Ukikataa mtandio wa mama yako mbele ya mashahidi," Inspekta alisema kwa upole, "jioni mji mzima utajua. Hapo ni nani tena atakayeinamia kilemba chako?"

Chaudhry alihesabu kura kichwani, kwa mazoea. Kisha aliinama, akauokota mtandio, akamfunika mama yake kichwa.

"Nimekubali," alinong'ona. "Lakini kiti, mama! Jina la nani litabaki kwenye karatasi?"

"Langu," alisema Bi Sardaran, akirudia njegere zake. "Ulinishika mkono mwenyewe. Dobi alinisomea ile karatasi, nikaipenda."

Mtoto alijinyoosha ndani ya susu. Wote walizuia pumzi mpaka akatulia.

Inspekta aliondoka kwa ncha za viatu. Kituoni alifunga jalada. Kwenye nafasi ya hali ya mali iliyoibwa aliandika: "Imepatikana. Inatumika."